Rangi Aliyozikwa Nayo Mama

Tanauan, Leyte, Ufilipino

Mpendwa Dada Milagros,

Pokea salamu zangu nyingi huko Hong Kong. Natumaini kifua chako kimepata nafuu, na yule mama unayemfanyia kazi amepunguza ukali. Sisi tunaishi, maadamu bati limerudi juu ya nyumba.

Umeuliza mara nyingi kwa nini hatukukutumia picha ya jeneza la Mama. Dada, jeneza halikuwepo. Baada ya ile tufani kila seremala alikuwa akitafuta maiti za watu wake. Unazijua kazi za kaka yetu Delfin: kuchora kwenye turubai aliacha zamani, akawa anamwaga rangi juu ya kioo, tabaka juu ya tabaka, kisha anaibandua kama ngozi na kuitundika kwenye kamba. Mama alikuwa akimtania, "We Delfin, mjusi wako ameshajivua gamba tena?" Ile kubwa kuliko zote, maji hayakuichukua. Delfin aliitandika chini mwenyewe, tukamviringisha Mama humo, tukamzika kando ya kanisa pamoja na wengine.

Mwezi uliopita manispaa ikatangaza kuwahamishia wafu kwenye makaburi mapya. Basi akaja bibi mmoja wa jumba la sanaa la Manila, na viatu vyake vyeupe. Akamwambia Delfin kwamba picha ile ikisafishwa itapewa ukumbi wa peke yake, na Mama atapata jeneza zuri. Nilidhani Delfin atamfukuza. Badala yake akanigeukia mimi.

"Senda, kile ndicho kitu pekee nilichowahi kukipatia. Mama hakihitaji tena."

Nikamwambia, "Huna haya we! Utamvua mama yako nguo?"

Alilia, lakini hakubadili neno.

Sasa nakuambia lile ambalo hata kasisi sijamwambia. Zamu yetu ya kufukua ilikuwa Alhamisi. Mimi nilimwambia Delfin ni Jumamosi, nikaenda peke yangu. Walipompandisha Mama, rangi zilikuwa bado kali, na mchimbaji mmoja akauliza, "Huyu alikuwa nani, malkia?" Nikawaomba wamshushe vilevile kwenye kaburi jipya, wamwage saruji.

Jumamosi Delfin alifika na yule bibi. Aliweka kiganja juu ya saruji. Hakunitukana. Aliuliza tu kama upande mwekundu ulielekea juu au chini. Nikasema sikutazama.

Tangu siku hiyo hasemi nami, na vioo vyake amevivunja vyote. Ukipata nafasi ya kupiga simu, mpigie yeye kwanza.

Wasalimie wote wanaotuulizia, na ujifunike vizuri wakati huu wa baridi.

Mdogo wako,
Rosenda