Msimamizi Wangu Asiyejua Kusoma

Mwangaluka, nakusalimu, mjukuu wangu Kabula. Mbuzi amezaa, na shangazi yako ameshaolewa Somanda.

Umeniuliza utawezaje mtihani wa mwisho peke yako chumbani, shule yenyewe ikiwa kwenye kompyuta. Mimi nilisoma kwa posta, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia hapa Migato. Kila nilipofanya zoezi la kutuma, mama yangu, asiyejua kusoma, aliketi mlangoni kunisimamia huku akimenya karanga. Nikiinua kichwa tu, ananikemea: "Andika!" Siku ya mtihani, mjini Bariadi, chumba kilikuwa kimya mno. Nilitamani kusikia maganda yakivunjika.

Siku yako ikifika, nitaketi mlangoni kwangu huku Migato nimenye karanga, nisiongee na mtu. Wala si kazi. Siku hizi hakuna wa kuongea naye.

Bibi yako