Kuku Keshatembea, Bega Bado

Bofu, Likoni. Jumatano, 1962. Mvua tangu alfajiri, na kichwa changu kimevurugika.

Kuku ametembea leo.

Nimemwona mwenyewe uani, anachechemea lakini anatembea. Mama alipoteleza kisimani akavunjika bega la kulia, fundi wa mifupa alimvunja kuku huyu mguu, akawafunga wote wawili kwa vijiti na dawa ileile. Kuku akitembea, mgonjwa naye kapona. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo alivyopona marehemu baba.

Basi Mama kapona. Ama?

Mbona nikimvisha kanzu anafumba macho na kuuma midomo?

Juzi, maumivu yalipozidi, nilimvusha kwa feri hadi hospitali. Daktari akatuonyesha picha ya eksirei: mfupa umeachana chini kidogo ya bega. Akasema kwa mtu wa umri wake hatapasua bega zima. Atatoboa vitundu vidogo tu, apenyeze pini za chuma zishike mfupa, na baadaye azitoe. Lakini upesi, mfupa usije ukashikana vibaya. Nikamwuliza, atapona kabisa? Akasema hawezi kuniapia.

Hapo ndipo aliponichanganya. Fundi anaapa, daktari haapi! Nimwamini nani, jamani?

Mama akakataa palepale. "Chuma mwilini mwangu? Mwanangu, mimi si mlango nipigiwe misumari."

Nilicheka, kisha tuliporudi nyumbani nikaenda kulia jikoni. Kaka yangu yuko Unguja, na majirani kila mmoja ana lake. Redio nayo uhuru, uhuru, na mie kuamua jambo moja tu nimeshindwa. Naogopa akipelekwa, naogopa akibaki.

Mchana nilimpakulia wali kwa samaki nimlishe kama kila siku, nikatoka kwanza kumletea maji ya kunywa. Niliporudi nikamkuta anakula kwa mkono wa kushoto.

Mama! Yeye aliyetuchapa vidole sote kwa kosa hilohilo.

Aliponiona akauficha mkono chini ya leso. Haya zilimjaa usoni, nami nikaona uchungu kuliko siku aliyoanguka. "Usimwambie mtu," akasema.

Sikumwambia mtu. Nilimwambia yeye: "Kesho tunavuka, Mama."

Akautoa mkono chini ya leso. Kisha akaniuliza, polepole, hizo pini zina urefu gani.

Sijui. Wallahi sijui. Nikamshika ule mkono wa kushoto, nikauosha.