Vifundo vya Mashuka

4 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo, na bweni zima halijambo? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa mazoea tu. Sasa kaa chini: nimekupatia wiki ya majaribio huku hotelini, kwenye chumba cha kufulia. Ukifaulu, mwezi wa saba ukimaliza shule unaajiriwa! Msimamizi alisita: "Asiyeona atatenganishaje mashuka?" Nikamwambia mimi nimefua mashuka ya mabalozi wa nchi sita, mfanyakazi namjua hata kwa harufu. Akakubali mwenyewe. Usihofu, dobi mkuu (karibu mkuu) yuko pembeni yako.

Mjomba wako, kiboko ya madoa

8 Mei

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima. Simu imenisomea barua yako kwa ile sauti yake isiyocheka, nikacheka kwa niaba yake. Mwalimu wetu wa kazi ametufundisha kila mtu ajitafutie mbinu, nami yangu ninayo. Sikuambii, maana wewe siri unaifua na kuianika. Ijumaa ya majaribio ndiyo siku ya kupimwa. Ombi moja tu: usinisaidie. Fomu ya majaribio ina swali, "Msaada gani alihitaji?" Nataka pabaki patupu.

Mpwa wako

19 Mei

Shikamoo mjomba,

Nimefika salama. Samahani niliondoka bila kuaga. Jumatatu mpaka Alhamisi sikukosea hata shuka moja. Mbinu ilikuwa vifundo vya uzi pindoni: kimoja kitanda kidogo, viwili kitanda kikubwa. Ijumaa, msimamizi kasimama na kalamu, nikashika pindo la kwanza: hakuna kitu. La pili, la tatu, mpaka la thelathini, hakuna. Nikawa kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Ameandika, "Hawezi." Anasema mashine imekata nyuzi. Mjomba, nyuzi hizo nilizichemsha shuleni mara tatu, hazikatiki. Alhamisi jioni ulikuwa zamu. Uliona chochote?

Mpwa wako

22 Mei

Mpwa wangu,

Leo sina salamu ndefu. Ni mimi. Niliona nyuzi zinaning'inia, nikasema kesho mtoto anapimwa, asije akaambiwa kazi yake chafu. Nikachukua mkasi, nikakata moja moja, tena napiga mluzi. Uliposema nisikusaidie nilidhani unaona haya tu.

Leo asubuhi nimemwambia msimamizi mbele ya madobi wote. Wamecheka mpaka pasi ikaunguza foronya. Yeye hakucheka. Anasema uje tarehe 3 Juni, upimwe upya. Nilishika sindano nikufungie vifundo vyote, halafu nikaiweka chini. Njoo uvifunge mwenyewe. Usipotaka kuja, sitakulaumu.

Mjomba wako

4 Juni

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima, mimi zaidi. Jana sikukusikia, nawe huwa unasikika kabla hujafika. Wakaniambia umejifungia stoo ya sabuni mpaka nimalize. Mashuka sitini, nilikosea moja, nikaligundua mwenyewe. Msimamizi kanisomea fomu: "Kazi anaiweza. Aanze mwezi wa saba." Penye "Msaada gani alihitaji?" ameandika: "Mjomba anyang'anywe mkasi." Akauliza kama afute.

Nilitaka pabaki patupu, unajua. Nimemwambia apaache hivyo hivyo.

Mpwa wako, mfanyakazi mwenzio