Jagi la Mama

Tarehe 3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, kama mimi nilivyo mzima huku niliko.

Simu najua huisikii tangu mashine ya kukandia unga ikuharibu masikio, kwa hiyo tuendelee na kalamu. Kazi yangu ni ile ile, ghala la kugandishia kuku. Makatoni yanaingia, makatoni yanatoka. Tangu mama azikwe bila mimi kuwepo, nafanya zamu na kulala. Watu wananipa pole, nasema asante. Sijalia, Baba. Hata sijui kama nina huzuni. Nipo nipo tu.

Humu ndani haingii mtu peke yake. Mwenzangu ni jamaa tunayemwita Ngamia kwa urefu wake. Kila baada ya muda ananiamuru, "Kifungo!" Navua glavu, nafungua kifungo cha juu cha koti, nakifunga tena. Vidole vikishindwa, natolewa nje. Msimamizi alitufundisha tangu mwanzo: anayetetemeka apumzishwe, apewe chai, mwili wake bado unapigania joto. Lakini anayesema "mimi sisikii tena baridi," huyo mshikeni mkono mumtoe mbio.

Nani anakupelekea lile jagi la maji la mama pale kwenye tanuri la mikate siku hizi?

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, sina hata mafua. Shangazi yako naye mzima, na mdomo wake ndio mzima kupita sisi sote.

Jagi lipo juu ya kabati, nimelifunika kitambaa. Sitaki kumsumbua mtu. Mama yako alikuwa akisimama pale mlangoni mkono kiunoni mpaka nilimalize, eti asiposimama nitayamwaga kwenye unga. Alikuwa ananijua. Kusema kweli siku hizi kiu sina.

Na habari njema ni kwamba jasho limekwisha! Wakumbuka nilivyokuwa nakamua shati kama dekio? Sasa nasimama mbele ya moto siku nzima na shati kavu. Nadhani mwili umezoea. Hata mimi nimezoea, mambo yote. Naenda kazini, narudi, nyumba kimya, nalala.

Kichwa tu ndicho kinagonga mchana. Na juzi nilisahau hamira, mikate ikatoka bapa kama kandambili. Mama muuza chai akaniuliza kama siku hizi nauza vigae. Nilicheka kidogo.

Msalimie huyo Ngamia.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, na nimempigia shangazi simu aje akutoe tanurini, kabla hata ya kushika kalamu.

Usilikaribie tanuri. Jasho halikukauka kwa sababu umezoea. Jasho ndilo linalokupoza, mwili unalitoa ili usiive na wewe pamoja na mikate. Maji yakipungua mno ndani, mwili unabana kidogo kilichobaki, na joto linapanda bila wa kulizuia. Wewe ni yule wetu anayesema hasikii tena baridi. Na kiu usiisubiri, kwa umri wako haiji kwa wakati, pengine haiji kabisa. Kunywa tu.

Halafu usiniandikie tena kwamba u mzima wa afya. Niandikie umekunywa nini.

Nakuomba, Baba. Sina mzazi mwingine.

Mwanao


Tarehe 4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Shangazi amenipigia. Anasema alikukuta umeanguka mbele ya tanuri, ngozi ya moto na kavu, ukimuuliza mama kama mikate imeiva. Anasema umelazwa na hujitambui. Nikamwambia asante. Nikakata simu, nikaingia zamu.

Sikusikia kitu chochote. Ngamia akasema, "Kifungo!" Nikafungua, nikafunga, sawasawa kabisa. Akaniangalia sana. Akasema, "Vidole vizima. Lakini wewe si mzima. Toka."

Nimekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, naandika. Sijui nani atakusomea.

Mwanao


Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kama mimi ni mzima utaamua wewe: leo nimekunywa uji, chai, na jagi zima la maji ya chumvi na sukari, ambayo shangazi yako hajui kuyakoroga hata kidogo. Anasimama mlangoni kama askari wa lindo.

Barua zako alinisomea nesi, kwa sauti ya mnadani kwa ajili ya masikio yangu, na sasa wodi nzima inamjua Ngamia. Walinimwagia maji, wakanitundikia dripu. Siku nyingi sizikumbuki. Halafu nikaamka shuka limelowa jasho, nesi akashangilia kana kwamba nimefunga bao. Nilipolala tena, macho nayo yakaanza. Nimemlilia mama yako mwanangu, nimelia mbele za watu mpaka wakanivutia pazia. Nilidhani nimekuwa mgumu, kumbe nilikuwa mkavu.

Daktari amenikataza tanuri. Nitakuwa nakanda unga tu, na kelele za mashine hazinitishi tena, zishachukua zilichotaka.

Nimelifikiria sana lile jagi. Miaka yote hiyo nilijua kiu imenishika kwa kumuona mama yako anakuja. Yangu mwenyewe sikuwahi kuisikiliza.

Sasa wewe. Unaniandikia kwamba hujalia na hukusikia kitu, unaandika kama mtu anayesimulia habari za jirani. Mimi niko mbali na simu siisikii. Huko kwako nani anasimama mlangoni? Nijibu, na neno "mzima" usilitie.

Baba yako


Tarehe 27 Mei

Baba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisomea nje ya ghala, juani, koti mkononi. Nimefika pale ulipouliza nani anasimama mlangoni, nikarudia kusoma. Bado sijalia. Lakini na jua lote lile nimeanza kutetemeka, meno yanagongana, hata karatasi nikashindwa kuikunja.

Ngamia hakuniambia kifungo. Amenivalisha koti, akanifunga yeye mwenyewe vifungo vyote mpaka shingoni. Kisha ameniletea chai, akasimama mbele yangu mpaka nikaimaliza.

Mwanao