Gari na Bahari Ni Wake Wenza

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia, hata leo ambapo nimekukasirikia. Ndiyo, nimekukasirikia. Wewe umelala zako, umepumzika, na huku pikapu yako imenitoa jasho jembamba mwaka mzima. Nimenyamaza vya kutosha. Leo utanisikiliza.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Dar kulichukua hilo gari? Sakafu ya duka lao ilikuwa inang'aa mpaka ukavua makubazi mlangoni kama unaingia msikitini, na yule kijana wa mauzo akaficha kicheko. Watu wote kisiwani wananunua gari la mtumba, wewe ukataka jipya, lenye nailoni kwenye viti, lenye waranti. Ulikuwa umeuza nusu ya shamba la minazi la Baleni kwa ajili hiyo. Ukamuuliza yule kijana, likiharibika nani atalitengeneza? Akakujibu, "Sisi wenyewe, mzee. Wewe lete tu." Njiani kurudi uliyarudia maneno hayo mpaka Nyamisati, na kwenye kivuko ukawasimulia hata watu usiowajua.

Kisha zikaja sheria zako. Samaki marufuku. Mtu mwenye nguo mbichi hapandi. Kila jioni gari lioshwe kwa maji ya kisima, na nani aliyekuwa anayateka hayo maji? Mimi. Uliponifundisha kuendesha, ukinipigia kelele kwenye ile njia ya mchanga kana kwamba nimeiba gari la mtu, ulikuwa na neno moja usiloacha kulisema: gari na bahari ni wake wenza, usiwakutanishe. Nami nikalishika. Nilipita mbali na pwani kama mtu mwenye deni, na wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi pwani kwa msimu, walipopunga mkono niwasaidie, nilikanyaga mafuta nikapita zangu.

Ulipofariki, gari likawa ndiyo sahani yetu. Naliendesha mwenyewe, wanaotaka kusema na waseme. Nazi kutoka shambani hadi Kilindoni, mboga na madafu kwenye mahoteli ya Utende, wagonjwa wakipatikana. Mama anakula humo, wanangu wanasoma humo. Gari hili likifa, Baba, nyumba yetu imezimika, hakuna kingine.

Arobaini yako ilikuwa haijapita vizuri taa ya injini ikawaka. Nikawa napanda kilima kidogo tu na magunia ya nazi, gari likakosa nguvu, likakohoa, likazima katikati ya barabara. Nikafanya ulivyoagizwa: nikapeleka. Kivuko, Nyamisati, barabara yote ile hadi Dar huku nimeshikilia roho mkononi. Wakachomeka kompyuta yao, wakasema mafuta ya huko kwenu machafu. Wakasafisha, nikarudi. Halikumaliza mwezi. Nikapeleka tena, wakasema ni sensa, kifaa cha kupimia injini, wakabadilisha. Nikarudi. Siku ya Ijumaa, nimepakia mama mjamzito anayesikia uchungu, likazima tena. Watu wakamshusha, wakamweka kwenye bajaji, namshukuru Mungu alifika salama. Lakini jicho alilonitazama nalo yule mama sijalisahau.

Safari ya tatu niliingia pale sina salamu na mtu. Nikamwambia fundi mkuu kwamba mmenifanya mpira, mnanirusha bara na kisiwani, mlimwambia baba yangu alete tu, haya, nimeleta. Yule fundi hakupandisha sauti. Alilinyanyua gari juu kwa mashine yao akaniita nisimame chini yake. Akanionyesha vichwa vya nyaya vimeota kutu ya kijani, akanionyesha chesisi kwa nyuma imeliwa, akasema hili gari limeingizwa maji ya bahari, tena si mara moja, na waranti haigusi bahari.

Nilimcheka usoni. Nikamwambia humjui baba yangu. Akaninyooshea kidole ile ndoano ya nyuma ya kuvutia. Ilikuwa imechubuka mpaka inameta, na nyuzi za kamba ya chombo zimenasa kwenye pembe yake. Nikasema labda lilikwama kwenye mchanga likavutwa. Akatikisa kichwa. Basi pale, mbele ya mafundi na wateja, nikainua mkono nikaapa: "Wallahi, gari hili halijawahi kukanyaga bahari."

Nililiacha huko nikarudi kwa boti, nimevimba kwa hasira. Nikamsimulia Mama yote, nikingoja na yeye awalaani. Mama alikuwa anakuna nazi. Akaendelea kukuna. Nikamuuliza mbona husemi kitu?

"Niseme nini, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nafua suruali zake."

Baba, nilikaa chini. Suruali zako! Zimeganda chumvi mpaka magotini, kila yanapojaa maji ya bamvu, yale makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na mimi nakutekea maji ya kisima uoshe gari, najiona mtoto mwema. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema ulimkataza. Uliona haya.

Sikulala vizuri, na kulipokucha nikateremka dagoni kumtafuta Nahodha Shomari, yule wa Kilwa aliyekuja hitimani kwako akalia kuliko ndugu zako. Nilikwenda kugomba, sikufichi. Nilimkuta anaziba mashua, nikamsomea shitaka lote nimesimama. Akaniacha nimalize, akaniambia nikae, sikukaa. Ndipo akanieleza habari ya nyonga yako.

Nilijua nyonga inakuuma. Sikujua kwamba ndiyo iliyokutoa kwenye kamba. Na kamba, Baba, uliniingiza wewe. Nilikuwa mdogo bado, wanapandisha mashua pwani, wito wa kuvuta kamba umepigwa, na kwetu wito huo haukataliwi. Hata aliyevaa kanzu ya Ijumaa huikunja akashika. Ulinisimamisha nyuma yako kwenye mkia wa kamba, mikono yangu haiwezi hata kuizunguka. Nikasema sina nguvu. Ukaniambia, "Weka mkono tu. Wasije wakasema nyumba yetu haina mtu."

Nahodha anasema nyonga ilipokukatalia, ulikaa misimu bila kuonekana pwani. Kisha siku moja wanahangaika na mashua nzito, wakasikia gari linarudi nyuma kuja majini. Ulishuka na mkongojo wako, maji yakakufika magotini, ukafunga kamba kwenye ndoano, ukaishika kidogo kwa mkono kama wanavyoishika wenzako, ukasema bismillahi, ukarudi kwenye usukani. Tangu hapo kila bamvu wakawa wanakuona. "Tulimwambia, mzee, utaliua gari," nahodha akasema. "Akatujibu gari lina waranti."

Nilicheka, Baba. Nililia pia, lakini kwanza nilicheka. Waranti! Ulidhani waranti inafunika na hilo.

Nikawapigia simu gereji, nikaomba kuongea na yule fundi mkuu. Nilimwambia alikuwa mkweli, nami niliapa nisichokijua. Hakunisimanga. Akasema watasafisha nyaya, safari hii kwa gharama zangu, si kwa waranti, na likigusa maji ya bahari mara nyingine nisihangaike kulipandisha kivuko, nilizike huko huko. Nilimuuliza shehe habari ya kiapo changu. Akasema niliapa nilichokiamini, sina kosa. Nilifunga hata hivyo, nusu kwa toba na nusu kwa kukukasirikia wewe.

Jana gari limerudi. Taa imezimika, injini inanguruma vizuri. Leo asubuhi nimepakia madafu ya Utende, nafika kwenye ile njia ya pwani, nikasikia wito.

Mguu wangu ulikwenda kwenye mafuta. Nilitaka kupita, nakwambia kweli. Lakini walikuwa wachache, wengi wao wako Chole kwenye msiba, na mashua ya nahodha ilikuwa imelala nusu kwenye maji, kila wimbi linaigonga. Wote wakageuka wakalitazama gari. Hawakuniomba. Nahodha Shomari aliangalia ndoano ile kisha akaangalia chini, na hapo ndipo nilipobanwa hasa. Nikiliingiza, nimemuua anayetulisha. Nikipita, nimekuzika mara ya pili.

Nikalipandisha juu kabisa kwenye minazi, nikalizima, nikatia ufunguo kifuani. Nikajifunga kanga kiunoni nikateremka mchangani. Nahodha akanijia mbio akaniambia bibie acha, mikono itatosha. Nikamwambia gari linaumwa, nimekuja mwenyewe. Watu wakatazamana, kisha mmoja akasogea kidogo akaniachia nafasi. Sikukaa kwenye mkia. Nilikaa katikati.

Tulivuta mpaka jua likawa kali. Madafu yalichelewa, na mpishi wa hoteli amenigombeza, nikamwacha agombe. Viganja vyangu vimechunika, ndiyo maana mwandiko huu umepinda, na hasira niliyokuja nayo nimeitafuta siioni yote. Imebaki kidogo, ya zile ndoo za maji ya kisima. Hiyo sitakusamehe upesi.

Lala salama, Baba. Gari ni kavu, limeegeshwa uani. Mashua iko juu. Na pwani leo hakuna aliyesema nyumba yetu haina mtu.

Binti yako, dereva wako