Kiyoyozi kwa Jina la Marehemu

Mama Mdogo Malati mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi watu wa kampuni ya umeme wanakuja nyumbani kumwona baba mkwe wangu, na baba mkwe wangu alifariki miaka saba iliyopita.

Usinicheke kwanza. Sisi ni watu wa heshima hapa Nagpur, mume wangu Hemant ni mwalimu wa hesabu, mimi nashona blauzi za sari nyumbani, na tunaishi na mama yake, Mama Sulabha, ambaye ananipenda na mimi nampenda, jambo ambalo najua halikuletei barua nyingi. Nyumba nzima ina kiyoyozi kimoja, alichokinunua baba mkwe kwa kiinua mgongo chake, kiko chumba cha ndani, na joto likianza wote tunatandika magodoro humo sakafuni, mama upande wa ukutani, watoto wetu wawili katikati, mimi na Hemant mlangoni kama walinzi, na kwa kweli ndizo siku ninazozipenda kuliko zote za mwaka, kwa sababu mama husimulia hadithi na watoto hulala wakicheka. Lakini kiyoyozi chenyewe kimechoka, kinanguruma kama mashine ya kusaga, kinatoa maji mengi kuliko baridi, mpaka mama anayakinga kwa ndoo na kumwagilia mrehani wake wa uani, na bili inayokuja utadhani tuna kiwanda. Mei iliyopita mama alianguka jikoni kwa joto, tukambeba mimi na Hemant, mkono wake umelegea begani kwangu, nikaogopa kama sijawahi kuogopa, na daktari akasema mwaka huu asilale kwenye joto lile hata kidogo.

Basi kampuni ya umeme ikatangaza mpango, kwamba mtu akirudisha kiyoyozi cha zamani ambacho bado kinawaka, atapewa kipya cha nyota tano, kile kinachokula umeme kidogo kuliko vyote, kwa karibu nusu ya bei. Sharti ni moja tu, mwombaji awe ndiye mwenye jina kwenye bili. Na bili yetu, Mama Mdogo, kama bili za nusu ya mtaa huu, bado ina jina la marehemu, Madhukar, kwa sababu nani ana muda wa kwenda kupanga foleni abadilishe jina wakati umeme unawaka? Hemant akaniambia, “Vrunda, kuandika jina lililo kwenye bili si uongo, ni kunakili tu.” Akaandika, akatuma, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nikimenya vitunguu na sikusema kitu.

Kumbe kule wakakubali. Simu ikalia, sauti ya dada mmoja mchangamfu ikasema, “Hongera nyingi kwa Mzee Madhukar! Alhamisi awepo nyumbani na kitambulisho chake, mafundi watampiga picha akiwa kando ya kiyoyozi cha zamani.” Hemant akajibu, “Atafurahi sana,” kisha akakaa chini.

Jirani yetu Mzee Deshkar, mstaafu wa posta, aliposikia akasema hilo si tatizo hata kidogo. “Nipeni shali yake na kofia yake. Nitakohoa kohoa. Nani atamuuliza mzee anayekohoa?” Akaja kila jioni kufanya mazoezi chumba cha ndani, kwenye kiti cha marehemu kando ya kiyoyozi, na kwa kweli alianza kukohoa vizuri, hata watoto wakawa wanampigia makofi, mpaka juzi mama akarudi hekaluni mapema na kumkuta ameketi pale, shali begani.

Mama hakupiga kelele. Alisema, “Deshkar, toka kwenye kiti cha watu.” Akatoka. “Chai utakunywa?” “Nitakunywa, shemeji.” Akampa chai, ila bila sukari, na mzee wa watu akainywa yote amesimama. Alipoondoka mama akatugeukia, “Baba yenu hakuwahi kuokota hata embe la jirani lililoangukia upande wetu. Leo mnamfanya tapeli, tena hayupo ajitetee.”

Hapo mimi, nikidhani naokoa jahazi, nikasema basi tufanye kihalali, bili ibadilishwe iwe ya Hemant, na hapo ndipo mama alipolia. Mama Mdogo, wewe unaijua mila yetu, mama hajawahi kulitamka jina la mumewe tangu siku aliyoolewa, na sisi tulimwita Baba. Sasa kila mwezi mleta bili husimama getini akaita kwa sauti, “Madhukar!” na mama, popote alipo, hata mikono ikiwa na unga, huitika, “Yupo!” Miaka saba nimeisikia nikadhani ni mazoea tu. Akaniambia, “Ni mdomo gani mwingine unaolitaja jina lake kwenye nyumba hii? Mkilifuta kwenye bili, mmelifuta.” Nikalia na mimi.

Shemeji yangu Prakash, aliye Pune, naye alipopigiwa simu akasema, “Leo mita, kesho nyumba,” na Hemant akamkatia. Sasa Hemant ameghadhibika, anataka twende dukani tukachukue cha nyota tatu kwa malipo ya kila mwezi, anazunguka nyumba akisema, “Bila riba, Vrunda! Bila riba hata ya rupia moja!” ila mimi nilipomuuliza muuzaji bei ya taslimu alishusha sauti akanitajia nyingine, ndogo zaidi. Na mama amehamishia godoro lake sebuleni, mbele ya kipoza hewa cha maji, anasema hawezi kulala chumba kilichokaliwa na marehemu wa bandia. Watoto wanauliza hadithi zimeenda wapi.

Nifanye nini, Mama Mdogo? Nimwachie Mzee Deshkar akohoe, tuuache mpango, tukakope dukani, au nimshike mama miguu mpaka akubali? Tafadhali usichapishe jina letu la ukoo, kwa sababu kila Jumapili mimi ndiye ninayemsomea mama ukurasa wako. Nikifika kwenye barua hii nitairuka.

Ni mimi Vrunda, Nagpur.

*

Vrunda mwanangu,

Nimecheka. Uliniomba nisicheke, lakini ungetaka nisicheke usingeniandikia habari za chai ile. Jina la ukoo nimelificha kama ulivyotaka, ingawa mtaa ambao Deshkar anafanya mazoezi ya kukohoa hauna siri tena.

Sasa kaa vizuri nikukaripie. Njia ya mwongo ni fupi, na yenu inaishia Alhamisi. Mmejaza ombi la mtu ambaye picha yake ukutani imevishwa shada la maua la marehemu, kisha mnataka apigwe picha nyingine! Endeleeni hivyo, na atakayepigwa picha mwishowe ni Hemant, tena kituoni, akiwa ameshika kibao. Na wewe usijifiche nyuma ya vitunguu. Ulikuwepo, uliona, ulinyamaza. Kesho asubuhi wapigie simu wale watu wa umeme, wewe mwenyewe, kwa sababu mumeo akishika simu hupokea hongera za marehemu. Waambie mwenye jina ni marehemu, mlikosea, mnaliondoa ombi. Hawatashtuka. Ingekuwa kila nyumba yenye bili ya marehemu katika mji huu inakatiwa umeme, tungebaki na taa chache mno.

Mzee Deshkar mpelekee shali ya kwake mwenyewe, na chai yenye sukari. Kosa lake ni utu uzima usio na kazi.

Tukija kwa mwalimu wa hesabu. Hemant, namheshimu mtu anayetaka mama yake alale kwenye baridi, lakini hebu chukua chaki. Bei ya taslimu ni ndogo. Malipo ya kila mwezi ukiyajumlisha, pamoja na ile ada ya kufungulia mkopo ambayo muuzaji huitaja akiwa anafunga droo, ni makubwa. Ile tofauti ya katikati inaitwaje? Ina herufi nne na wewe umeizungukia nyumba ukiimba kwamba haipo. Riba iliyojificha ndani ya bei ni riba. Vrunda aliinusa, wewe ukaipigia makofi. Na cha nyota tatu ni rahisi siku ile tu ya kukibeba, baada ya hapo kila bili itakukumbusha kwamba rahisi ni ghali.

Chukueni cha nyota tano cha mpango wa kampuni, kihalali, na jinsi ya kukipata nitakwambieni, na kile kitakachobaki kukilipia kopeni kwenye chama cha akiba na mikopo cha walimu, ambako riba inaandikwa ubaoni na karani anakujua kwa jina. Mkope kiasi ambacho kitakwisha kabla joto la mwakani halijaanza, maana kulipia kiyoyozi cha mwaka jana huku unatokwa jasho la mwaka huu ni adhabu. Kabla ya kukubali chochote uliza kama bei ina ufungaji ndani yake, bomba la shaba, vyuma vya kukishikilia ukutani, na kidhibiti umeme. Nimeona watu wengi wakipewa punguzo dukani na kunyang'anywa ukutani. Chumba chenu kinalaza watu watano, kiyoyozi chenye nguvu ya tani moja na nusu kinatosha, muuzaji asikuuzieni cha tani mbili kwa kukutajieni joto la Nagpur, tunalijua. Na lile jizee linalonguruma litunzeni kama mgonjwa. Msilifungue, msilifanyie ufundi wa nyumbani. Likizima kabla hawajaja kulichukua, punguzo limezima nalo.

Haya yote ni rahisi. Sasa lililo gumu.

Mwanangu, mlipokosea kweli hamkukosea kwa kampuni. Mlikaa mkapanga kiyoyozi cha kumwokoa mama, mkamshirikisha jirani, na mama mwenyewe akawa wa mwisho kujua, tena kwa kumkuta mwanamume mwingine kwenye kiti cha mumewe. Halafu ukampa dawa chungu zaidi ya ugonjwa, bili iwe ya Hemant. Kwa nini Hemant? Marehemu hakuacha mke? Mimi pia ni mjane, na nakwambia hakuna kinachouma kama kuona kila kitu kinarukwa juu ya kichwa chako kwenda kwa mwanao, utadhani uliondoka na mumeo siku ile ile.

Bili iandikwe jina la Mama Sulabha. Pelekeni cheti cha kifo, kitambulisho chake, na barua za wanawe wawili kwamba hawana pingamizi. Prakash atatia sahihi bila kelele, kwa sababu aliogopa kaka yake asije akachukua nyumba, na hakuna mtoto wa Pune wala wa wapi atakayethubutu kusema mama yake ananyang'anya. Jina likibadilika, ombeni upya. Mpango ukiwa umefungwa, subirini ufunguliwe tena, na mkishindwa kusubiri nunueni kwa mkopo ule ule wa chama, mkiwa safi. Mpaka hapo mrudisheni mama chumba cha ndani leo leo. Akigoma, wewe na watoto hamishieni magodoro sebuleni kwake. Hadithi zifuatwe ziliko.

Na picha wanayoitaka wale mafundi, apigwe yeye, kwa sari yake anayoipenda, mkono wake juu ya kiyoyozi alichonunuliwa na mumewe. Hicho kipya nacho kitadondosha maji, kwa hiyo ndoo ya mrehani isitupwe.

Umesema ukifika kwenye barua hii utairuka. Usiiruke, Vrunda. Soma kwa sauti, na hapa mwisho soma polepole, kwa sababu haya si yako.

Mama Sulabha, dada yangu, wanao wamekosa adabu kwa sababu walikuogopea. Wape adhabu, kisha wasamehe. Halafu mwambie mkweo akuletee kitambulisho chako akusomee kilivyoandikwa, kama changu, kama cha kila mwanamke wa kwetu aliyeolewa: kwanza jina lako, kisha jina la mumeo, ndipo ukoo. Hivyo ndivyo bili yako itakavyoandikwa. Hakuna aliyelifuta, na hakuna atakayelifuta ukiwa hai. Mleta bili atasimama pale getini, ataita kwa sauti ile ile, “Sulabha Madhukar!” Na wewe, popote ulipo, hata mikono ikiwa na unga, usiitike tena yupo.

Itika, “Tupo!”