Sungura Wangu na Makopo ya Mayatima

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia vibanda. Nimekinga mkojo wao kwenye ndoo. Nimewapa nyasi. Sungura wote wanene kuliko mimi. Hapa Kaptembwo hakuna kijana anayefuga kama mimi, asiyekubali aje tushindane.

Jioni Mama Njeri, mwenye ploti tunayopanga, akasimama mbele ya vibanda, leso puani. Wapangaji wamelalamikia harufu. Sungura waondoke. Nikamwambia huo mkojo ni mbolea, wakulima kule Njoro wanaunyunyizia mboga. Akanitazama juu mpaka chini. "Kijana, maneno unayo. Sasa nionyeshe kwa mboga yenyewe, sukuma wiki."

Nina mpaka Pasaka. Nikishindwa, wanauzwa. Tangu niache shule kidato cha pili, hii ndiyo kazi pekee iliyonikubali. Nimeogopa kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 4 Machi

Makopo kumi ya rangi, kila moja mche wa sukuma. Matano nimeweka kwa geti penye jua. Hayo ni yangu, yanapata mkojo uliochanganywa na maji. Matano nyuma ya choo, maji matupu. Hayo nayaita mayatima. Ploti nzima inajua hilo jina, nimelitangaza mwenyewe.

Mama Njeri ataomba msamaha.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda. Sukuma zangu majani mapana kama sahani. Mayatima njano, shingo zimelegea. Nikamleta Mama Njeri aone, na majirani wakamfuata.

Halafu Sharon. Mdogo wangu, gredi ya nane, ametoka kanisani na Biblia kwapani. Akaangalia huku, akaangalia kule, akacheka.

"Kevo, hapa umeshindanisha jua na kivuli. Sungura wameingiaje?"

Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Eti kwenye jaribio unabadilisha kitu kimoja tu. Vingine vyote vifanane: udongo, kopo, jua, kipimo cha maji. Ukibadilisha viwili, hutajua ni kipi kimefanya kazi. Na mayatima si wa kuchekwa. Wao wanatuonyesha mche ungekuaje bila mkojo. Mwalimu wao anawaita control.

Mama Njeri akaitikia kwa kichwa kama yuko darasani. Nianze upya.

Nimemchukia Sharon mpaka saa ya chakula.

Jumatatu, 17 Machi

Tumeanza upya. Udongo wote kwenye karai moja, ukakorogwa. Miche ya kimo kimoja. Makopo yote kwenye ubao mmoja kando ya mlango wa jirani yetu Mama Akinyi, jua sawa kwa wote. Kila kopo kikombe kimoja. Tofauti moja tu: vikombe vyangu vina mkojo kidogo ndani.

Sharon anakagua kama polisi wa barabarani. Bora polisi, huyo unaweza kuongea naye.

Jumamosi, 29 Machi

Siielewi hii kitu. Mayatima wamenona. Wamewapita wangu. Maji matupu yanafanyaje hivyo?

Kama ni kweli, basi mkojo hauna kazi, na mimi nimekuwa nikidanganya watu bila kujua. Sina hamu ya kuongea. Hata kinyozi wa mtaani ameniuliza kama naumwa.

Nilifikiria kuwatilia mayatima chumvi wanyauke. Nikaacha. Sharon angejua. Pia ingekuwa ujinga, ningebaki sijui.

Jumanne, 1 Aprili

Paka! Niliwakuta kwenye ubao wanaramba makopo. Ya mayatima tu, yangu hawataki. Nikainama nikanusa. Omena, wale dagaa wa ziwani.

Mama Akinyi huosha omena mlangoni kwake kila jioni. Nikamuuliza yale maji anayapeleka wapi. Hakuona haya hata kidogo.

"Nawapa mayatima. Sasa nione wengine wanakula na hawa wanakaa njaa, nami nimebeba karai? Wewe Kevo huna roho."

Mdomo wangu umeniponza. Ningeyaita makopo tu, asingeyaonea huruma. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Sharon hakucheka. Maji ya samaki ni chakula cha mimea, akasema. Mayatima wamekuwa na mzazi.

Jumatano, 2 Aprili

Mara ya tatu, udongo mpya na miche mipya. Mama Akinyi amekubali kuacha mayatima, lakini kwa sharti: na yeye apewe makopo yake. Sharon akafurahi kupita kiasi. Sasa tuna makundi matatu. Maji, mkojo, omena. Kikombe kilekile kwa wote.

Pasaka iko karibu. Hakuna nafasi ya kukosea tena. Nimeenda kwa kila mlango kuwaambia watu wasimwage kitu hapo. Mzee mmoja akaniuliza kama hata mate hayaruhusiwi.

Ijumaa, 11 Aprili

Bado ni mapema kusema. Wangu wako sawa. Nimekaa karibu na vibanda muda mrefu leo bila kazi. Jike mmoja mweupe ameanza kujaa tumbo. Atazaa. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama Njeri amekuja na wenzake wa kanisani, kama anakuja kutoa mahari. Sharon hakuwaambia makopo ni ya nani. Akawauliza tu yapi yamekua vizuri.

Wakachagua ya omena kwanza. Yangu yakafuata, kwa karibu sana. Ya maji matupu, miche myembamba, nyuma kabisa.

Kwa hivyo mkojo unafanya kazi. Sikudanganya mtu. Omena imenipita, nikubali, na Mama Akinyi amepiga kigelegele ambacho kitakaa masikioni mwangu mwaka mzima.

Mama Njeri akasema sungura wabaki, ila vibanda vihamie kona ya nyuma, na kila asubuhi nimwage majivu chini. Nilitaka kuuliza mbona harufu ya omena hakuna anayeilalamikia. Nikaenda kutafuta majivu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimehamisha vibanda. Sharon alishika upande mmoja. Yule jike amezaa usiku, watoto wako ndani ya manyoya aliyojinyofoa, hawaonekani, wanatikisika tu.

Asubuhi niliwapa mayatima kikombe chao cha kwanza chenye mkojo. Hakuna aliyeniagiza. Kazi yao imeisha. Kisha nikarudi kwa vibanda nikaketi kwenye ndoo, nikasubiri jua lifike kwenye ukuta wa kona yao mpya.